Aliyegeuka Darajani

Sakata, 3 Juni 2002

Bwana Nishiwaki,

Salamu nimeziacha kwa makusudi, usizitafute. Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi yenye mistari ya kijani. Ni ya talaka. Nakueleza kwa sababu najua wewe ukiona karatasi yoyote yenye nafasi za kujaza unadhani ni dhamana ya redio. Sehemu yangu nimejaza na kugonga muhuri. Mashahidi ni mama na mjomba, nao wamegonga, mjomba kwa furaha ambayo ilibidi nimwombe aipunguze. Imebaki sehemu yako. Gonga, tia kwenye bahasha niliyokwisha kuibandika stempu, tumbukiza sandukuni pale mbele ya duka la tambi unakoshinda. Hata barabara hutahitaji kuvuka.

Usiniandikie kwa kompyuta. Anwani yako nimeizuia, na kompyuta ya hapa ni ya mjomba, anachorea mabango ya maduka, sitaki uichafue. Simu usipige pia. Anayepokea ni mama, na amekuandalia hotuba.

Kuhusu gemu sina la kusema. Miaka mitatu, kila Jumapili, nimekaa sakafuni nikichora nyumba, mawimbi na paka kwa vinukta vya kijivu, ili wewe uvipachike kwenye ile kaseti kuukuu ya gemu ya mkononi, "Mlinzi wa Kisima", ya kampuni iliyokwisha kufa, kisha uite kazi yako. Wenzako wabadilisha gemu walipokuuliza picha zimechorwa na nani, ulijibu, "Nina mtu." Haya, sasa huna mtu.

Hayami Yoriko


Takamatsu, 9 Juni 2002

Yoriko,

Kisheria wewe bado ni Nishiwaki, kwa hiyo huyo Hayami aliyesaini simfahamu. Msalimie.

Karatasi imefika. Nzuri sana. Nimeibandika kwenye friji kwa ile sumaku ya pweza. Muhuri ninao, wino mwekundu ninao. Nisichonacho ni picha za mji wa theluji na picha za mwisho wa gemu, ulizoondoka nazo kwenye disketi ndani ya mfuko wa sabuni, ukidhani sitagundua. Soko la watengenezaji wa gemu wa nyumbani ni Agosti, Tokyo. Meza nimeshapangiwa. Watu wanaisubiri "Njia ya Daraja Refu" tangu mwaka juzi, na wewe unataka mchezaji akishavuka daraja akutane na weupe mtupu kama mtu aliyefungua jokofu la kapera?

Basi tufanye biashara. Picha zije, muhuri uende. Usipotaka, endelea kuitwa Nishiwaki hadi uzeeni, mimi jina langu nalipenda na sioni ubaya ukilibeba.

Na usijifanye wewe ndiye uliyeonewa. Kilichoko darajani nimekiona. Nilikiona siku ile ile ulipopanda treni, nikacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Huku mvua kila siku, nguo hazikauki. Silalamiki, nakupa hali ya hewa tu.

Tatsurō


Sakata, 17 Juni 2002

Bwana Mkubwa,

Mji wa theluji huo hapo, disketi ya kwanza. Nimeutuma kwa sababu niliuchora kutoka dirishani kwa mama nilipomtembelea, na sitaki watu waone weupe wako wakadhani ndio theluji ya kwetu. Picha za mwisho hutaziona hadi nione wino.

Eti ulicheka. Naamini kabisa. Mimi pia nilikiona kilichoko darajani, Jumapili ile ulipokwenda kwenye kikao chenu cha kujisifu, ukaniachia gemu niijaribu. Nilikuwa nimekaa pale pale sakafuni, kando ya alama za viatu vyako, kwa sababu kila ukisahau kitu unaingia na viatu hadi jikoni, hujawahi kuvivua hata ukiombwa kwa adabu. Nikatoka nyumbani na shujaa wako mwenye nywele zako, na nyuma yake yule mwanamke mwenye skafu yangu. Njia ya pwani, sawa. Mnara wa taa, sawa. Katikati ya daraja, mwanamke akageuza mgongo. Akapiga hatua mbili, akatoweka. Na shujaa wako je? Hata hakusimama. Muziki uliendelea vile vile. Anatembea zake, peke yake, mwepesi kabisa, kama mtu aliyetua mzigo.

Nilizima kifaa, nikakiweka mezani, nikatafuta begi. Ujumbe niliupata. Hukuhitaji kucheka pia.

Mama anasema cheri za mwaka huu ni tamu. Hatukutumii.

Hayami Yoriko


Takamatsu, 23 Juni 2002

Yoriko,

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikaenda kuosha uso. Ujumbe uliupata? Wewe ndiye uliyeutuma!

Hebu tukumbushane, maana naona hewa ya Sakata inafuta kumbukumbu. Maagizo ya mashine niliandika mimi. Matukio yote, nani anasema nini, nani anageuka wapi, uliandika wewe. Ulinigombeza wiki nzima nilipogusa maneno ya muuza samaki. Sasa mwanamke mwenye skafu anamwacha mume wake katikati ya daraja, tena siku ile ile mke wangu halisi anaacha funguo juu ya jiko la wali bila hata kikaratasi, na nisadiki kwamba niliandika mimi? Nijiache mwenyewe, kisha nijionee huruma mwenyewe, kisha nijililie?

Niliposema nilicheka, nilidanganya. Jirani aligonga ukuta kwa sababu nyingine.

Nilikaa na kifaa hicho mkononi nikamwendesha shujaa mbele, mbele tu, hadi mwisho wa daraja na kwenye ule weupe, nikidhani labda atatokea upande wa pili. Hakutokea. Nikazima. Sijagusa sehemu hiyo tena hadi leo. Ulitaka niumie, nimeumia, chukua cheti. Lakini angalau uwe na ujasiri wa kukubali kazi yako. Ilifanywa vizuri. Ule mgongo unauma kweli.

Mji wa theluji ni mzuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu yako.

Tatsurō


Sakata, 1 Julai 2002

Tatsurō,

Wewe ni mwongo, au ni mjinga. Nimekuwa nawe muda mrefu na bado sijajua nichague lipi.

Sikuandika. Nakuapia kwa nyumba hii na kila aliyemo. Ningetaka kukuacha ndani ya gemu, unadhani ningekuacha bila maneno? Mimi? Ningekuandikia hotuba ya kurasa nne, ungebonyeza hadi kidole kipate malengelenge. Nani anayeondoka bila maneno katika nyumba ile? Ni nani akiulizwa "una nini" hujibu "hamna", kisha anarudi kwenye skrini?

Na tukizungumzia nani alimtengeneza yule mwanamke, nisikumbushe? "Mlinzi wa Kisima" haikuwa na mke. Ilikuwa na mbwa anayemfuata shujaa kijijini. Ukaniambia, tena ukitabasamu, kwamba ni rahisi zaidi kumvua mbwa sura na kumvika yangu, kwa sababu "tabia ni ile ile, anafuata tu". Mbele ya wageni! Nikacheka pamoja nao. Kwa hiyo ndiyo, Tatsurō, nilipomwona mbwa wako mwenye skafu yangu akitupwa darajani, sikujiuliza kazi ya nani.

Picha za mwisho hizi hapa, zote. Sitaki uwe na kitu cha kunishikia. Sasa gonga.

H. Yoriko


Takamatsu, 7 Julai 2002

Yoriko,

Umetuma, nami si mtu wa kuvunja biashara. Karatasi iko ndani ya bahasha hii, muhuri umekaa. Umekaa kichwa chini, nimegundua baada ya kugonga. Usinipigie kelele, itafanya kazi.

Maneno kuhusu mbwa niliyasema. Nilidhani ni utani mzuri.

Ila hili la darajani sitaliacha. Nakala nimempelekea Tokushige wa Nagoya, yule daktari wa meno anayewachukia watu wote sawasawa, ambaye alisema gemu yetu ya kwanza ni takataka yenye jalada. Yeye huchokonoa kasoro za gemu za mkononi kama anavyochokonoa meno ya watu. Nimemwomba atafute ni nani kati yetu aliyefanya makusudi, na jibu atutumie wote wawili, nisije nikaambiwa nimelipika. Akisema ni wewe, nataka radhi kwa maandishi. Akisema ni mimi, basi nimerogwa na kaseti, na ukinisema popote utakuwa na haki.

Leo ni sikukuu ya nyota. Mbele ya duka wameweka mianzi, watu wanafunga vikaratasi vya matakwa yao. Mimi sikufunga kitu.

Tatsurō


Nagoya, 17 Julai 2002

Bwana na Bibi Nishiwaki (au vyovyote mnavyoitana siku hizi),

Nimeicheza "Njia ya Daraja Refu" kwenye kifaa halisi na kaseti halisi, si kwenye kompyuta kama wavivu wa siku hizi, nikiiba dakika kati ya mgonjwa na mgonjwa. Picha zinaonekana kuwa za mtu anayejua kutazama. Mengineyo ni ya mtu anayejipenda.

Bwana ananiuliza ni nani kati yenu aliyeweka tukio la darajani kwa makusudi. Swali lenyewe ni la watu wasioijua kazi yao. Hakuna tukio darajani. Nimesoma kaseti yote. Hakuna aliyeandika kitu pale, si mume wala mke. Ni kasoro, tena ya aina ya kizamani kabisa, na mtoto wa shule angeigundua kama asingekuwa anashughulika kununa.

Kila anayetembea katika gemu hii ana hesabu ya umbali wake kutoka ukingo wa kushoto. Waliotengeneza "Mlinzi wa Kisima" walimpa shujaa visanduku viwili vya kuhifadhia hesabu hiyo. Mbwa walimpa kimoja, kwa sababu mbwa hakuwahi kutoka kijijini. Akaja bwana mmoja wa Takamatsu, akaunganisha ramani fupi fupi kuwa moja ndefu isiyokatika, jambo ambalo nasikia anajisifu nalo hadi leo, kisha akamtoa mbwa aende safari ya mbali akiwa na kisanduku kile kile. Katikati ya daraja kisanduku kinajaa. Kikijaa kinarudi sifuri. Mashine inaamini kwamba mwanamke yuko mahali pa sifuri, inamgeuza aelekee huko, na kwa sababu ni mbali mno inamhamishia huko moja kwa moja. Ndiyo hizo hatua mbili mlizoziona, na ndiko huko kutoweka.

Kisha nikafanya kile ambacho mjaribu yeyote mwenye akili hufanya. Niligeuka nikarudi nilikotoka. Sifuri ni ukingo wa kushoto wa ramani, na ukingo wa kushoto mmeweka mlango wa nyumba wanayoanzia safari. Mwanamke yuko hapo. Amesimama mlangoni, ameangalia njia. Nikaenda zangu mnarani, nikarudi, bado yupo. Nikambonyeza azungumze, hana neno hata moja.

Mnataka kuniambia kwamba mmekuwa na gemu hii mikononi tangu majira ya baridi, mmoja huku na mmoja kule, na hakuna kati yenu aliyerudi nyuma kuangalia? Mtu wa jino bovu ana sababu ya kuogopa kuligusa. Ninyi mlikuwa na sababu gani?

Rekebisheni au msirekebishe, mimi si mama yenu. Disketi nitainunua Agosti kwa bei kamili, sitaki ya bure.

Tokushige Kazuma


Takamatsu, 19 Julai 2002

Yoriko,

Bila shaka na wewe umeipata. Nina hamu ya kumchukia yule daktari lakini sipati pa kumshikia.

Nimerudi nyuma. Ilinichukua muda, maana njia ni ndefu, na kama unavyojua ni mimi niliyeirefusha. Yupo. Amesimama chini ya ile taa ya mlangoni uliyoichora mara tano kwa sababu kivuli hakikukupendeza. Miezi yote hii nimemwona mke anayeondoka, kumbe alikuwa amerudi nyumbani, na mimi ndiye niliyeendelea mbele nikinung'unika. Nina aibu. Sina neno lingine, na nimelitafuta.

Kosa ni langu. Ramani yangu, mbwa wangu. Ninaweza kulirekebisha kwa mistari michache tu, anifuate hadi mwisho, upande wa pili wa daraja na kwenye theluji yako. Namaanisha amfuate shujaa. Niambie nifanye nini, hili siligusi bila wewe.

Na kuhusu ile karatasi. Umeshaipeleka? Nauliza tu. Kama bado iko mezani kwa mama mkwe, labda iache iendelee kukaa kidogo, mezani pana nafasi.

Tatsurō


Sakata, 24 Julai 2002

Tatsurō,

Niliipeleka Jumatatu, siku mbili kabla ya daktari kuandika. Mtumishi wa manispaa aliutazama muhuri wako akageuza karatasi, akaigeuza tena, akaniuliza kama bwana alikuwa mzima alipogonga. Nikamwambia hata ile ya ndoa aliigonga kichwa chini. Akapokea. Imekwisha, na jina lile uliloniambia nilisalimie sasa ndilo langu kwa sheria.

Barua ya daktari imenikuta najua kukuchukia vizuri kabisa, imeniharibia kazi. Nimelia, nakwambia wazi. Mama alidhani umekufa, akaanza kukusifu, nikamkatiza.

Lakini usije ukajidanganya kwamba ni mbwa aliyetuachanisha. Nilipomwona yule mwanamke anatoweka, niliamini papo hapo kwamba ni wewe. Sikusita, sikuuliza. Mke anayeamini haraka hivyo ana sababu nyingine za kuamini, na unazijua zote, nyingine zina alama za viatu. Na wewe uliamini haraka vile vile kwamba ni mimi. Kisanduku kilijaa kweli, ila si kile cha kwenye kaseti tu.

Usirekebishe. Mchezaji atakayeendelea mbele tu, aendelee, ni wa aina yako. Atakayerudi nyuma amkute.

Tatizo ni kwamba akimkuta hana la kumwambia, kwa sababu hatukumwandikia maneno mtu anayesubiri. Nimemwandikia. Disketi iko ndani. Ingiza kwenye kaseti bila kuifungua kwenye kompyuta, najua mikono yako. Ukitaka kujua anasema nini, nenda kwa miguu, njia yote, hadi darajani, kisha urudi.

Yoriko


Takamatsu, 30 Julai 2002

Yoriko,

Naandika kwenye postikadi ili nisipate nafasi ya kuharibu.

Sikuifungua. Jana nilirudi kutoka kazini nikaingiza kwenye kaseti hapo hapo, nikaanza safari nikiwa nimesimama jikoni. Njia ya pwani, mnara, daraja. Ukageuka. Mara hii sikuendelea mbele, niligeuka na mimi.

Sijarekebisha kitu. Agosti itatoka hivyo hivyo, yenye majina mawili, lako la kwanza. Tokushige atasema ni vibaya, na atanunua.

Ulikuwa mlangoni. Nikabonyeza. "Umechelewa. Vua viatu."

Nilitazama chini. Nilikuwa navyo miguuni, katikati ya jikoni. Nimevivua.

Tatsurō